Mshipa Umefunguka, Mbona Husemi

Kama kuna maneno yaliyonichosha kuliko ugonjwa wenyewe, ni haya: "Lakini mshipa si umefunguka?" Niliyasikia kwa dada yangu, kwa mama yangu, kwa majirani wote wa Majengo, mtaa wetu hapa Goma, kwa padri, hata kwa mwendesha pikipiki mmoja aliyenibeba kwenda mazoezi, ambaye mpaka leo sijui nani alimpa habari za mishipa yangu. Wote waliyasema kwa sauti ileile, kama mtu anayemuuliza mwenye duka mbona hafungui na ufunguo anao mkononi. Nami sikuweza kuwajibu, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimenichukulia maneno.

Sasa maneno yamerudi. Si yote, lakini ya kutosha kulalamika. Ninaandika haya kwenye simu, kwa kidole cha mkono wa kushoto, kwa ajili ya mama mmoja niliyemkuta juzi kwenye benchi la mazoezi ya viungo. Mumewe alikuwa ameegemea ukuta kama gunia la makaa. Mama yule akaniuliza, "Papa, na weye walikuambiaka mshipa umefunguka? Sasa huyu, juu ya nini hasemi?" Nilitaka kumjibu palepale. Kabla sijapanga sentensi, wakaitwa ndani. Basi jibu langu ni hili, mama. Ni refu, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Naitwa Kasereka. Wazazi wangu walitoka Butembo, lakini mimi sijui kusema nimetoka wapi, maana sijawahi kukaa mahali mpaka pakanizoea. Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza, nilichoka kuangalia ubao wakati malori yanapita nje. Tangu hapo nimevua samaki Vitshumbi, nimepakia magunia kwenye boti za Bukavu, nimesukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao inayobeba mzigo kuliko punda, na nimepanda juu ya malori kama msaidizi wa dereva mpaka nikajua kila shimo la barabara ya Sake. Sikuwa na cheti wala fani. Nilichokuwa nacho ni mdomo. Nikifika mahali pageni ninauliza maswali mpaka kazi yenyewe ninaijua, na askari wa kizuizi ninabishana naye mpaka anacheka na kutuachia njia. Ndiyo maana nilipoamka hospitalini, mkono wa kuume umelala kando yangu kama samaki wa jana, sikuuogopa mkono. Niliogopa pale nilipotaka kuuliza niko wapi, na mdomoni ikatoka "ta".

Nilianguka Kigali. Tulikuwa tumekwenda na lori kuchukua mafuta ya kupikia ya mfanyabiashara mmoja wa hapa. Tumekaa kwenye kibanda tunakunywa chai, kikombe kikanitoka mkononi. Nikakitazama kule chini, nikashangaa nani amekisukuma. Dereva akauliza, "Kasereka, umelamba nini asubui?" Nikamjibu, na jibu langu likawa sauti ya mbuzi. Dereva yule ni mwoga kuliko wanaume wote niliofanya nao kazi. Akiona polisi anatokwa jasho. Siku hiyo woga wake uliniokoa. Hakungoja nipumzike, hakunimwagia maji. Alinitupa kwenye gari la kwanza akapiga kelele njia nzima, na hospitali waliyonifikisha ilikuwa na ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, dawa ambayo wakichelewa kukuwekea haifai tena. Ningeanguka kule Sake ningewekewa mafuta kifuani na kuimbiwa. Kwa hiyo kabla sijaanza kunung'unika, na nitanung'unika sana, nimeshukuru.

Kesho yake dada yangu Masika alifika. Masika ndiye mkubwa wetu. Anauza vitenge sokoni, mume wake yuko mbali na kazi, na nyumba yote inamtazama yeye. Daktari akatuonyesha picha ya kichwa changu. Alisema Kifaransa cha taratibu, na alipofika kwenye neno "umefunguka", Masika alipiga magoti palepale, akafanya alama ya msalaba, akatoa simu na kumpigia mama. Nilisikia vigelegele vya Majengo kupitia simu.

Daktari hakuacha kusema. Alinigeukia mimi, kwa kuwa ndimi peke yangu niliyebaki ninasikiliza. Akaweka kidole kwenye picha. Hapa, alisema, ndipo damu inapoingilia, na pamefunguka vizuri. Hii hapa ni mishipa ya kutolea damu, ile inayoirudisha chini kwenye moyo. Upande wako wa kushoto ni myembamba, na damu inapita kwa uvivu. Inaingia vizuri, inatoka kwa shida, kwa hiyo ubongo unavimba na utachukua muda kupona kuliko tulivyotegemea. Tuusaidie. Ulale umeinuliwa kuanzia kiunoni, si kichwa peke yake. Shingo inyooke. Usifunge kitu shingoni. Unywe maji mengi, damu isiwe nzito. Na chooni usijikaze.

Nilielewa kila neno, na hicho ndicho kilichokuwa kitu cha kutia wazimu. Nilikuwa na maswali ya kumweka daktari yule mpaka jioni. Mbona yangu ni myembamba? Nimezaliwa hivyo? Damu ikikosa njia inaweza kujitafutia nyingine, kama maji ya mvua kwenye mawe ya volkano? Nikafungua mdomo. "Ta. Ta ta." Daktari akanipigapiga begani.

Masika akarudi kutoka kwenye simu, machozi mashavuni. "Docteur, umesema nini tena?" Daktari akarudia kwa kifupi. "Ndiyo, docteur," akajibu. "Ndiyo. Ndiyo." Nilimtazama dada yangu nikaona kwamba yuko kwenye vigelegele bado.

Tulirudi Goma mvua zikiwa zimeanza. Nyumba ya mama ni ya mbao, na mvua ikipiga bati huwezi kusikia mtu aliye karibu nawe, jambo ambalo kwa mgonjwa ni zawadi. Kila ilipokatika, wageni waliingia.

Sitaki mtu aseme mimi sina shukrani. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na nimeona miji ambako anaachwa. Lakini mgeni wa mgonjwa ana tatizo lake. Akishasema pole, akishaketi, akishauliza kama ninakula, hana kazi tena, na mikono inamwasha. Basi anarekebisha mto. Kila aliyeingia alirekebisha mto. Mwingine alileta mto wake kutoka nyumbani. Mpaka adhuhuri nilikuwa na mito mitatu chini ya kichwa, mgongo umelala chini kabisa, kidevu kimegusa kifua, shingo imekunjwa kama ya mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka ndani ya shati lake. Nao wanasimama mlangoni wananitazama wakiridhika. "Sasa yuko bien, yuko muzuri."

Halafu kulikuwa na kitambaa. Mama yangu ni mmoja wa viongozi wa shirika, yaani kile kikundi cha sala cha Wakatoliki wa mtaa, na akina mama wote wa shirika wana kitambaa cha rangi moja. Cha mama kilipelekwa Misa, padri akakibariki, kikarudi nyumbani na kufungwa shingoni mwangu. Kila jioni walipokuja kusali walikikaza kidogo, kisianguke.

Mwili wangu ulikuwa hivi. Asubuhi nilikuwa na maneno matatu manne. Chai. Hapana. Masika. Siku njema sana nilipata "acha". Kadiri nilivyolala na mito yangu, kichwa kilijaa kama bidoni ya maji, jicho la kuume likawa kama linasukumwa kutoka nyuma, na mate yakanitoka upande mmoja bila kuniomba ruhusa. Mguu ulikuwa unakokota. Kandambili ilibaki nyuma, nami nikagundua nikiwa nimeshafika mlangoni bila yake. Jioni, wakati wageni wamejaa, "chai" ilikuwa imekwenda. Nilijua ni chai, niliiona, niliisikia harufu. Mdomo ulikataa.

"Asubui alisema," Masika aliwaambia. "Nilimusikia miye mwenyewe. Sasa anatufanyia kiburi."

"Na mshipa umefunguka?"

"Umefunguka. Docteur alituonyesha."

"Basi ni roho yake njo imefunga."

Huyo wa roho (na "njo" kwetu ni "ndiyo") ni Mama Kavira, jirani yetu, mwenye sauti inayoanza kufika kabla yake. Siku moja nilikivua kile kitambaa kwa mkono wa kushoto na kukitupa sakafuni. Mama Kavira akakiokota, akakikung'uta vumbi, akasema kwa huruma ya kweli, "Munaona? Haiko yeye. Kile kitu kiko ndani yake njo kinakataa." Tangu siku hiyo kitambaa kilifungwa mafundo mawili.

Nikajaribu ishara. Nikaonyesha shingo. Wakaniletea asali, wakidhani ni koo. Nikaonyesha shingo tena, nikatikisa kichwa kwa nguvu. Mama akaniongezea rozari juu ya kitambaa. Siku nyingine niliamua kueleza kuhusu kuinuliwa: nikapiga kiuno, halafu nikainua mkono polepole kwenda juu, kwenda juu, nikiwaangalia mmoja mmoja, kama mwalimu. Mama akaanza kulia. "Anatuaga," alisema. "Anaonyesha mbinguni." Wakaimba wimbo wa mazishi, nami nikacheka mpaka nikalia, kwa sababu ugonjwa huu unakuchanganyia kicheko na kilio na huchagui kipi kitoke. Walipoona machozi wakahakikisha kwamba kweli ninaaga.

Mahali pekee nilipopumzika ni kwenye mazoezi. Tulikwenda kwa pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, Masika nyuma amenikumbatia kama mzigo wa kabichi. Chumba cha kungojea kina benchi moja refu, na wote tulioketi pale tulikuwa nusu. Kulikuwa na muzee mmoja ambaye kwake umekufa upande wa kushoto. Alikaa kwa kusudi upande wangu ulioharibika, akaegemeza wake ulioharibika, akasema, "Weye na miye, papa, batu wawili, tunatosha mutu moja." Kila wiki alirudia, na kila wiki nilicheka, na hakuwahi kuniuliza habari za mshipa. Kijana wa mazoezi alinipa mpira nikaufinya. Nilifinya, mpira haukujua. "Utarudi," alisema. "Wa kwako iko polepole, lakini iko." Wiki nzima niliishi kwa maneno hayo.

Mvua zikakatika. Kiangazi cha Goma ni vumbi jeusi kwenye meno, na maji yanakuwa ya kutafutwa. Nilianza kunywa kidogo, kwanza kwa sababu kikombe nilikimwaga nusu, pili kwa sababu kila maji ninayokunywa lazima mtu anipeleke chooni, na aibu ina kiu yake. Siku nilizokunywa kidogo zilikuwa mbaya zaidi. Kichwa kikawa kizito kuanzia asubuhi. "Acha" ikapotea wiki nzima. Nikaanza kuhesabu maneno yangu kila nikiamka, kama mtu anayehesabu kuku baada ya kusikia mbweha.

Ndipo shirika likaamua kufunga kwa ajili yangu.

Msomaji wa mbali aelewe: kwetu kufunga kavu ni kavu. Hakuna chakula na hakuna maji. Waliamua siku tatu, kuanzia Ijumaa, nyumbani kwetu, wakisali mchana na kwenda kulala kwao. Mama alikuja kuniambia mwenyewe. Alikaa kitandani, akanishika ule mkono usiosikia, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu nilipoanguka.

"Mutoto wangu, tutafunga pamoja. Weye na sisi. Siku tatu kavu. Mungu hawezi kukataa mama na mutoto."

Nilimtazama. Akilini nikamwona daktari wa Kigali, kidole chake kwenye picha, akisema maji mengi. Nikajua kwamba katika nyumba nzima ni mimi tu ninayejua jambo hili, na mimi ndiye nisiyeweza kusema. Siku tatu bila maji, shingo imefungwa mafundo mawili. Ningetoka upande wa pili bila hata "chai". Labda bila zaidi ya hiyo. Nikasema, "Hapana."

Mama akatabasamu. "Asubui unasemaka hapana kwa yote."

Na ilikuwa kweli, ndiyo iliyoniumiza.

Bahati ni kwamba Alhamisi nilikuwa na siku yangu ya daktari, hapa Goma. Kawaida nilikwenda na Masika peke yake. Alhamisi hiyo nilipoinuliwa, nilishika kikwembe cha mama, kile kitenge alichojifunga, kwa mkono wa kushoto na sikukiachia. Mkono huo umesukuma chukudu. Wakanibembeleza, wakanikemea, wakajaribu kunifungua kidole kimoja kimoja.

"Anataka mama aende," Masika alisema mwishowe. "Mama, panda pikipiki yako. Atatupasulia kikwembe tutembee uchi."

Tulingoja mpaka jua likawa kichwani. Mama hakuwa amewahi kuingia pale, na alichukia kila kitu: harufu, ukuta, wauguzi wanaopita bila kusalimu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, amechoka, na nje ya mlango wake kulikuwa na watu kama wa sokoni. Alinipima presha. Akaangalia dawa. Akauliza Masika kama ninakula. "Bon. Mshipa ulifunguka, tuendelee na dawa, na mazoezi. Murudi mwezi kesho." Akaita jina la anayefuata.

Na yeye pia alilisema, lile neno. Masika akanivuta. Tulipofika mlangoni nikashika fremu ya mlango.

"Kasereka, twende."

Sikwenda. Watu wa nje wakaanza. "Papa, ondoka basi, na sisi tuko bagonjwa." "Huyu anataka kulala humo." Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akajaribu kupita chini ya mkono wangu. Mate yalikuwa yananitoka, mlango wote nimeuziba. Nikaachia fremu kwa nukta moja, nikashika kitambaa shingoni, nikakivuta, nikamwonyesha mama, nikashika fremu tena. Halafu tena. Kitambaa, mama, fremu.

Daktari akainuka, amekasirika. Akaja karibu. Akaingiza kidole kati ya kitambaa na shingo yangu, na kidole kikaingia kwa shida.

"Nani alimufunga hii?"

"Ni miye," mama alisema, akijinyoosha. "Ni kitambaa ya baraka. Padri njo aliombea."

"Mama, hapa hatufunge kitu. Kigali hawakubaambia?"

Masika akatazama chini. Nilimwona anakumbuka. Ilikuwa kama kumwona mtu anayepata kitu mfukoni ambacho amekitafuta nyumba nzima. "Waliambia," alisema polepole. "Walisema na mambo ya kulala. Na ya maji. Miye nilikuwa kwa simu."

"Lakini mshipa si umefunguka?" mama akauliza.

Daktari alifumba macho kidogo, na hapo nikampenda, kwa sababu nilijua kwamba na yeye ameulizwa hivyo siku nzima. Akasukuma kiti kwa mama.

"Mama, weye unapitaka ku petite barrière, kule tunavukia mupaka kwenda Gisenyi?"

"Zamani, kila siku. Niliuza nyanya kule."

"Wakifungua mulango ya kuingilia, batu wote wanaingia. Kule ya kutokea wakipitisha mutu moja, moja. Katikati inakuwa je?"

"Batu wanajaa. Wanakanyagana. Miye siku moja niliacha kiatu na sikukiona tena."

"Njo vile iko mu kichwa yake. Kule ya kuingilia, ni kweli, ilifunguka. Ya kutokea iko nyembamba."

Mama akanitazama kichwa. Alikitazama muda mrefu, kama anayewaona watu wote wale wamebanana mle ndani na mizigo yao. Halafu akagusa fundo.

"Na miye njo niliweka askari ku mulango," alisema.

"Siseme ni kitambaa tu," daktari akasema, sauti imeshuka. "Ugonjwa yake ilikuwa nzito. Lakini tusimuongezee. Kitambaa ufunge ku mukono. Baraka itafika."

Mama akafungua mafundo mawili, hayakufunguka kirahisi, akanifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kuume. Ndipo Masika akasema, huku akimwangalia mama pembeni, "Docteur, na kesho tunaanza kufunga na yeye. Siku tatu kavu."

"Yeye? Bila maji? Hata nusu ya siku, hapana."

Mama alipofika nyumbani alitupa mito yote nje, akamwita Masika, na wawili hao wakabeba mawe ya volkano kutoka uani, yale yale meusi tunayojengea uzio, wakayaweka chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwani mpaka kikapanda kama njia ya kwenda juu. Wakaniingizia gunia la nguo mgongoni. Shingo yangu ikanyooka. Nililala hivyo nikiteleza kidogo kidogo kuelekea miguuni, Masika akinivuta juu kila mara na kunitukana.

Ijumaa wanawake wakaja. Mama akawaambia mpango umebadilika. Mama Kavira hakupendezwa.

"Sala gani ya mugonjwa kunywa?"

"Sisi tutafunga," mama alijibu. "Yeye atakunywa. Kila mara sisi tunasikia kiu, yeye anakunywa mu fasi yetu. Mungu anajua kuhesabu."

Sijawahi kuona jambo la kuchosha kama lile. Nimekaa kwenye kitanda changu cha mlima, mbele yangu wanawake wenye midomo mikavu katika kiangazi cha vumbi, na kila mmoja anaposikia kiu anainuka na kunimiminia kopo. Walikuwa na kiu sana. Nikinywa, wote wananitazama koo. Nikimaliza, "Amina". Bado sijafuta kidevu, mwingine ameinuka. Na maji yakiingia kwa wingi huo, lazima yatoke: kila nilipopelekwa chooni walikata wimbo katikati, wakaningojea, nikirudi wanauanza upya kuanzia mwanzo. Chooni nako sikuruhusiwa kujikaza, Masika akasimama nje ya mlango wa bati akinikumbusha kwa sauti ambayo shirika lote lilisikia.

Nisikudanganye, mama wa benchi. Shingo kunyooka hakukunifanya nisimame nikatembea kama kwenye Injili. Mpaka leo mkono wangu unashika kijiko lakini haushiki sindano. Mguu unakokota nikichoka. Kuna maneno yananipita kama pikipiki zisizo na taa: ninayaona yameshapita. Mvua zimekuja na kwenda mara nyingine tangu hapo, na daktari anasema kwamba bado kuna cha kurudi, polepole. Mimi sijui kitambaa kilichangia kiasi gani, na kiu kiasi gani, na ni kiasi gani kilikuwa ugonjwa tu na muda wake. Nimemuuliza daktari, sasa ninaweza, na yeye hajui vilevile, na kwa kuwa amekiri ninamwamini. Ninalojua ni kwamba jioni zilibadilika. Kichwa kikaacha kujaa. Neno nililolipata asubuhi nikalala nalo. Kwa hiyo muulize daktari wako juu ya njia ya kutokea, siyo ya kuingilia tu, na uulize simu ikiwa imezimwa. Wa kwako anaweza kuwa na shida nyingine kabisa. Lakini uliza, na umtazame mumeo machoni wakati wa kuuliza, maana huenda yeye tayari anajua.

Siku ya tatu ya kufunga, mchana, joto lilikuwa limekaa chini ya bati. Wanawake walikuwa hawaimbi tena, walikuwa wananong'ona. Midomo ya mama ilikuwa myeupe, na sauti ilikuwa imemwishia tangu asubuhi. Aliinuka kwa kujishika ukuta, akamimina maji kwenye kopo, akaja nalo kwa mikono miwili kama anayebeba moto. Akalifikisha mdomoni mwangu. Mimi tumbo lilikuwa ngoma. Nilimtazama nilivyokuwa nimechoka naye, na maji, na nyimbo, na Mungu anayejua kuhesabu, na mdomo ukafunguka.

"Mama, inatosha. Kunywa weye."

Ilitoka yote, mfululizo, kwa sauti yangu. Sikuwa nimesema sentensi nzima tangu ile chai ya Kigali. Masika, aliyekuwa mlangoni, aliketi chini pale alipokuwa.

"Amesema nini?" mama akanong'ona, ingawa uso wake ulikuwa umeshasikia. "Sema tena."

Nikajaribu. "Ku," nikasema. "Ku. Ku." Haikurudi. Nilipiga godoro kwa hasira.

Mama alibaki ameshika kopo. Jua lilikuwa juu bado. Mama Kavira akakohoa kidogo. "Mama Masika," alisema kwa upole, "saa ya kufungua haijafika."

"Mutoto wangu ameniambia ninywe," mama alijibu.

Akanywa lote, akiwa amesimama, maji yakimtiririka kidevuni na kulowesha kifua. Kisha akamnyooshea Masika lile kopo.

"Ongeza," alisema. "Na ya Mama Kavira."